Giza la Nyumba ya Mtemi

Mwalimu alikuwa akisimulia habari za mtu aliyekufa zama za kale kana kwamba amemwacha chumba cha pili akivua viatu. Kila akianza habari zake alishusha sauti, na mara nyingine aligeuka kuutazama mlango. Sisi wageni wake wa Jumapili mwanzoni tulicheka. Baadaye tukaacha kucheka.

Alikuwa Mwairishi, mzee mrefu aliyeinama mabega, na alifundisha Kiingereza katika chuo kilichopakana na chuo changu cha udaktari, hapo Guangzhou. Mimi nilifika mji ule kwa ufadhili wa masomo, binti wa Mwanza, miaka ya mwisho mwisho ya karne iliyopita. Tulikutana sokoni. Nilikuwa nabishana na muuza samaki kwa Kichina changu cha kuokoteza, huku Kiswahili kikinichomoka, nyuma yangu sauti ikasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Binti, huyo sato amelala tangu jana. Mwache."

Nikageuka, nikamwona mzee wa kizungu amevaa koti la mvua siku ya jua kali. Ulimi wangu ukatoa salamu kabla sijafikiri.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtu wa Mwanza wewe. Nani mwingine angemng'ang'ania sato huku China?"

Ujana wake aliumalizia Usukumani, akifundisha biolojia katika shule ya bweni. Kwa nini aliondoka huko hakusema, na aliyemuuliza aliulizwa yeye kama anataka sukari zaidi. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha darasani, hakikuacha hata irabu moja nyuma. Changu alikisahihisha hadharani. Ukisema "hii kitu" mbele yake, maongezi yote yalisimama mpaka uombe radhi kwa lugha.

Mtu mmoja tu ambaye Mwalimu hakuthubutu kumsahihisha ni Bi Zuhura. Mama huyu wa Kizanzibari alinunua viatu Barabara ya Zhanxi, akavisafirisha kwa kontena kutoka bandari ya Huangpu, na akiwa mjini alilala katika hoteli ndogo ya mtaa wa Xiaobei ambako alishazoeleka mpaka akapewa ufunguo wa jikoni. Kila Jumapili alasiri alimletea Mwalimu pilau ndani ya chupa kubwa ya kuhifadhia joto. Alimwita "mzee wangu", na Mwalimu, ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake, alimwamkia shikamoo.

"Marahaba ya nini, mzee wangu? Wan'zeesha," Bi Zuhura alilalamika.

"Nakiamkia Kiswahili chako," alijibu.

Chumba chake kilikuwa cha chini katika nyumba ya walimu wa kigeni. Kila kitu kilikuwa na mahali pake: birika, kopo la sukari, redio, vigoda vya wageni vilivyopangwa ukutani. Ukihamisha kitu alikirudisha wewe ukiwa bado unakitazama. Nilidhani ni nadhifu tu, kama watu wengi walioishi peke yao muda mrefu.

Aliyachukia mambo ya mizimu na nyota. Jirani yake wa Kichina alipotundika kioo dirishani ili kurudisha nuksi itokayo nje, Mwalimu naye alianika shati lake bovu mbele ya kioo kile, ati kipate cha kutazama. Usukumani aliwahi kuwavua wanafunzi wake hirizi na kuzipasua mbele ya darasa, akaonyesha kwamba ndani mlikuwa na uzi na udongo tu. Hadithi hiyo aliisimulia kwa furaha. Lakini mtu huyohuyo hakukaa hata siku moja akiwa ameupa mlango mgongo, na ulipotaja macho ya mtu, hata kwa kumsifu mtoto kwamba ana macho mazuri, alikunja uso.

Yule mtu wa zamani alimwita "mtemi". Kwao aliitwa kwa neno jingine, ila Mwalimu alisema watemi wa Usukuma walimsaidia kumwelewa zaidi kuliko vitabu vya kwao. Alikuwa mkuu wa ukoo wenye ng'ombe wengi, katika nchi ya mvua na matope meusi yanayochimbwa na kukaushwa yawe kuni. Viazi vilikuwa havijafika. Watu walikula shayiri, siagi na maziwa, na utajiri ulihesabiwa kwa kwato.

Utemi wa huko, alisema, haukumfuata mtoto wa kwanza. Wanaume wa ukoo walikutana wakachagua mmoja wao. Siku ya kutawazwa mteule alisimamishwa juu ya jiwe kilimani, akavuliwa kiatu kimoja, akapewa fimbo nyeupe isiyo na fundo. Kisha ilimpasa avamie jirani na kurudi na ng'ombe kabla watu hawajaanza kumsahau. Na sharti moja lilipita yote: mwili wake uwe mzima. Mwenye kilema hatawali. Mkono ukikatika, utemi umekatika.

"Sasa sikilizeni," Mwalimu alisema siku ya kwanza alipotusimulia. Nje mvua ilikuwa ikinyesha na baiskeli zilipita zikilia kengele. "Mtemi huyu alikuwa na ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Ndugu huyo alipendwa. Alikuwa na sauti nzuri, alikumbuka majina ya watoto wa watu. Kila mtu alijua mtemi akiteleza kidogo tu, anayefuata ni yule."

"Akamuua," nilisema.

"La. Damu ya ndugu ingemwondoa kwenye jiwe siku hiyohiyo. Alimwalika karamuni, kwenye nyumba yake iliyojengwa katikati ya ziwa. Wakala, wakaimba. Kisha watu wanne wakamshika yule ndugu, na sindano ya shaba ilikuwa imeshawekwa motoni."

Bi Zuhura alijifunika uso kwa mtandio. "Macho? Astaghfirullah!"

"Macho. Wanasema mtemi alilia kuliko ndugu yake. Alimshika mkono muda wote. Na alipokuwa akilia, hakusema waache."

Baada ya hapo akatumiminia chai, na hakuna aliyeinywa upesi.

Jumapili nyingine ilikuwa zamu ya malenga. Ndugu aliyepofushwa alikuwa na malenga wake, na katika nchi ile malenga aliogopwa kuliko askari, maana utenzi wake uliweza kulifanya jina la mtu linuke vizazi na vizazi. Malenga huyo alikwenda kwa mtemi akakaa chini mlangoni bila kula. Desturi ilikuwa wazi: mtu akifunga mlangoni pako akidai haki, na wewe huli mpaka utoke umjibu. Mtemi aliona. Akaagiza nyama, akasema mlango uachwe wazi, akala.

"Malenga akasimama," Mwalimu alisema, "akapangusa matope, akasema sentensi moja tu. 'Utawatazama wanao kwa macho ya ndugu yako, na wanao watawatazama wana wao vivyo hivyo.' Akaenda zake."

"Laana hiyo," alisema Bi Zuhura.

"Maneno tu," Mwalimu alijibu haraka. "Maneno ya mtu mwenye njaa."

Lakini alipoinuka kuweka birika mahali pake, niliona kwanza anapapasa kwa vidole vya mkono mwingine.

Nilimuuliza mara moja kama mtemi alikuwa mtu mbaya.

"Alikuwa mtawala mzuri," alisema. "Wakati wake ng'ombe hawakuibwa. Mjane aliweza kulala mlango wazi. Ndicho kinachonitisha, binti. Angekuwa mbaya tu, ningemweka mbali nami."

Akanipa habari ya mateka. Ili kufunga amani, wakuu wa jirani walimpa mtemi watoto wao awalee. Baba akivunja ahadi, mtoto analipa. Mmoja wao aliletwa mdogo kabisa, akakulia miguuni pa mtemi, akafundishwa naye kupanda farasi na kucheza bao la kwao. Alimwita baba. Kisha baba yake mzazi akavamia mpakani akachukua ng'ombe. Koo zote zikakaa kimya kuona mtemi atafanya nini. Alimchukua kijana mpaka ukingoni mwa ziwa ulipokuwa mti. Kabla ya kamba ya kumnyongea alimfunga vizuri joho shingoni, kwa sababu kulikuwa na baridi.

"Joho!" Mwalimu alirudia, akitazama mikono yake. "Tulimfunga joho kwanza."

Niliisikia ile "tulimfunga". Hapo awali alisema "alimfunga", "alimshika". Tangu siku hiyo nikawa nasikiliza, na wingi ule ukazidi kurudi. Tulimpofusha. Tulikula mlango ukiwa wazi. Mtu aliyesimamisha maongezi kwa ajili ya "hii kitu" hakuwa mtu wa kukosea nafsi.

Mwaka ule ndio nilianza kusoma magonjwa ya macho. Profesa wetu, mama mkavu asiyetabasamu, alituchorea ubaoni jicho na maji yake, akaeleza jinsi presha ya macho inavyopanda kidogo kidogo na kuua mshipa wa kuonea. Ugonjwa huo hauumi, alisema. Huanza kula pembeni. Mgonjwa hujiona mzima, akimtazama mtu anamwona uso vizuri, huku akigonga mlango kwa bega na kumwaga chai kando ya kikombe. Ulimwengu wake hupungua mpaka ukawa kitundu, na siku moja kitundu kikazibwa. Dawa yaweza kuuzuia ukiwahiwa. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kisha akaongeza, akifuta ubao, kwamba ugonjwa huo hupenda kutembea ndani ya familia.

Niliacha kuandika. Nilimwona Mwalimu, jinsi alivyogeuza kichwa chote ili kumtazama aliyekaa kushoto kwake. Nikakumbuka mwanafunzi wa Kichina aliyemsalimia langoni kwa heshima zote, naye akapita kama jiwe, na kijana wa watu akadhani amemuudhi. Nikakumbuka vitu vyote vile vilivyokaa mahali pake.

Masika ya Guangzhou kuta hutoka jasho na sakafu huteleza kama sabuni. Jumapili moja ya namna hiyo tulikuwa wengi, wanafunzi na wafanyabiashara, na Bi Zuhura alivuta kigoda kimoja katikati ya chumba apate mahali pa kuweka chupa ya pilau, kisha akaiinua chupa na kukiacha kigoda pale. Kilikuwa cheupe. Mwalimu akatoka jikoni na birika la chai ya moto, anacheka na mtu, akakiparamia kigoda kile kama hakipo. Akaanguka kifudifudi. Chai ikamwagika mkononi mwake.

Tulimwinua. Alicheka, akailaumu sakafu, akataka tuendelee kula. Mkono ulikuwa umeanza kuvimba, na nilipokuwa nikiufunga hakunitazama hata mara moja.

Tukiwa njiani, Bi Zuhura alinishika kiwiko.

"Mwanangu, yule haoni."

"Najua, Bi Zuhura."

"Kigoda cheupe, kikubwa, kipo mbele yake! N'lidhani atan'gombeza kwa kukihamisha." Tulipofika kituoni akanigeukia. "Wewe daktari. Utakaa kimya?"

Jumapili iliyofuata tulikwenda wawili tu. Wengine alikuwa amewaambia anaumwa. Hatukupata nafasi ya kusema lolote. Alikuwa ameketi anaukabili mlango, na akaanza kabla hatujakaa.

"Sijawaambia mtemi alivyokwisha," alisema. "Leo nitawaambia."

Mtemi alipoanza kuzeeka, macho yalimwacha. Alijua maana yake: mwenye kilema hatawali. Basi akaficha. Kila kitu nyumbani mwake kikawekwa mahali pamoja, na mtumishi aliyekihamisha alifukuzwa. Aliwatambua watu kwa kikohozi na kwa harufu ya mifugo yao. Mke wake mdogo alijifunza kuimba kila mtu alipoingia, na ndani ya wimbo alificha jina la aliyeingia. Alitawala hivyo miaka mingi. Aliamua kesi, alipanga vita, alisifiwa kwa utulivu wa macho yake.

Mwanawe wa kwanza alishuku. Siku ya baraza kuu, juu ya kilima, mbele ya ukoo mzima, alimwambia baba yake kuna ng'ombe anayegombaniwa na watu wawili. Kengele ya ng'ombe ikasikika. "Mtemi," mwana akasema, "kabla ya kuamua, taja watu wasikie: ng'ombe huyu ni mwekundu au mweusi?"

Bi Zuhura alikuwa amekaza mikono yake magotini.

"Mtemi akasikiliza kengele. Akasema, 'Mwekundu.'"

"Kumbe mweusi?" niliuliza.

"Hakukuwa na ng'ombe. Kulikuwa na mtu ameshika kengele."

Hakuna aliyecheka kilimani, alisema. Watu walitazama chini kama waliokuta mtu mzima yu uchi. Mwana akaichukua fimbo nyeupe mkononi mwa baba yake taratibu, bila kumvuta, akaivunja. Akamtuma mzee kwenye kisiwa cha watawa. Ndugu yake aliyepofushwa alikuwa anaishi huko bado. Waliwekwa nyumba moja mpaka walipokufa.

"Walisameheana?" Bi Zuhura aliuliza.

"Hakuna ajuaye. Watawa waliishi ukuta kwa ukuta nao, na hawakuwahi kusikia sauti."

Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Babu yangu alikufa haoni. Baba alikufa ameegemea ukuta wa zizi, anautafuta mlango. Nyumbani kwetu hatukulitaja. Tuliliita giza la nyumba yetu, na watu walijua ni kwa sababu ya nani."

Nikaona ndipo penye upenyo. Nilimweleza yote, presha ya macho, mshipa, familia. Nilimwambia hospitali yetu ina mashine ya kupima, kwamba kesho yake ningempeleka mwenyewe. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi anayesoma insha.

"Nilifundisha biolojia kabla mama yako hajavaa sare ya shule," alisema. "Unadhani sijui?"

"Basi kama unajua, Mwalimu, twende."

"Nilipoanza kuona pembeni panaliwa, nilisema moyoni: imefika. Na nikatulia, binti. Nilitulia kuliko nilivyowahi kutulia maishani. Hilo ndilo sitaweza kumweleza daktari wako."

Nilizoea wagonjwa wenye hofu. Sikuwahi kuona mtu aliyeukaribisha ugonjwa kama mgeni aliyechelewa.

"Ulipasua hirizi za watoto wa watu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko adabu. "Sasa umeivaa kubwa kuliko zote."

"Mwanangu," Bi Zuhura alionya.

"Kama ni laana, mbona ina dawa? Una ndugu, Mwalimu?"

"Ninaye mmoja. Alibaki shambani. Tuligombana siku ya maziko ya baba, na hatusemezani."

"Ana watoto?"

Aliinuka. Akaufuata ukuta mpaka mlangoni, akaufungua.

"Mvua inakuja," alisema. "Mtalowa."

Nje kulikuwa na jua.

Jumapili zikaisha hivyo. Tulibisha hodi, redio ikazimwa, hakufungua. Pilau Bi Zuhura aliliacha kizingitini na chupa tuliikuta tupu wiki iliyofuata, imeoshwa, kwa hiyo tulijua yu hai. Chuoni wakasema ameomba kupumzika kufundisha. Mara moja nilimwona kwa mbali chini ya barabara ya juu, anavuka. Hakutazama upande wowote. Aliinua mkono mmoja kama anayeomba kusema darasani, akaingia katikati ya baiskeli na pikipiki na malori, nayo yakamgawanyikia yakipiga honi. Katikati ya barabara alisimama. Lori lilimpita karibu hata koti lake la mvua likapepea. Na uso wake, nakumbuka, ulikuwa umetulia. Nilikimbia, lakini taa zilibadilika, na nilipofika ng'ambo hakuwapo.

Tangu siku hiyo kila nilipopita langoni kwao nilitazama kama kuna watu wamekusanyika.

Nilimwona tena majira ya baridi ya mwaka wangu wa mwisho, nikiwa nimeshafunga mizigo. Nilikwenda Xiaobei kumuaga Bi Zuhura, nikamkuta sebuleni pa hoteli yake amezungukwa na maboksi ya viatu, anabishana na wakala wa mizigo kuhusu kontena. Mlango ukafunguka. Mwalimu akaingia ameshikwa mkono na dereva wa teksi. Vifungo vya koti alikuwa amevikosea, na usoni pake palikuwa na jeraha bichi, juu ya nyusi. Macho yake yalitazama juu kidogo ya vichwa vyetu.

"Bi Zuhura yupo?"

"Nipo, mzee wangu. Na daktari wako yupo. Yarabi, nini kimekupata?"

"Nguzo ya umeme." Alitafuta kwa mkono mpaka akaipata meza ya mapokezi. "Binti, uliniuliza swali nikakufukuza. Ana mtoto mmoja. Msichana. Nilimwacha bado anabebwa."

Wakala wa mizigo aliweka kalamu chini.

"Nimekaa na jambo hilo," Mwalimu aliendelea. "Langu nilishalikubali. Nikaona nina haki ya kulikubali. Lakini yule msichana sikumuuliza."

Bi Zuhura aliyasukuma maboksi kwa mguu. "Namba unayo?"

"Ninayo kichwani."

Kwao ilikuwa asubuhi, huku alasiri. Bi Zuhura alitoa kadi ya simu aliyokuwa akipigia Unguja, nami nikabonyeza tarakimu alizozitaja. Dada wa mapokezi, alipoona mzee anashindwa kuuweka mkono wa simu sikioni vizuri, alibonyeza kitufe cha spika. Sauti ya mwanamke ikajaa sebule nzima, kwa Kiingereza. Nyuma yake, nje ya nyumba, palikuwa na injini inayounguruma.

Mwalimu akajitaja.

"Baba alituambia tukisikia sauti yako tukate," yule mwanamke alisema.

"Kabla hujakata. Baba yako anaona?"

Injini iliendelea kuunguruma.

"Nani amekwambia?"

Mwalimu alifumba macho. "Na wewe je?"

"Mimi ni mzima. Naendesha basi la watoto wa shule. Ningekuwa sioni wangenipa basi?"

"Muulize kama anagonga vitu vya pembeni," nilimnong'oneza. Akauliza. Mwanamke akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka kuondoka.

"Wiki jana nilikwaruza nguzo ya lango. Kulikuwa na ukungu."

"Kulikuwa na ukungu?"

Tukasikia akivuta zipu ya koti.

"Mwanangu," Mwalimu alisema, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo, "usiendeshe leo. Zima hilo gari."

"Watoto wananingoja barabarani, mvua inanyesha. Nimeshachelewa."

"Zima gari!"

Simu ikakatika. Dada wa mapokezi akainama kutazama, akatikisa kichwa, akasema kwa Kichina kwamba kadi imekwisha. Mwalimu alibaki ameishika meza kwa mikono miwili. Bi Zuhura alipekua mkoba wake, akamwaga funguo, tasbihi, risiti, hakuna. Wakala wa mizigo ndiye aliyetoa kadi yake mfukoni. Nilikwangua namba ya siri kwa ukucha, nikakosea, nikaanza upya. Ikaita. Ikaita mpaka nikaanza kuliona lile basi kwenye barabara nyembamba, na watoto wenye makoti ya mvua wamesimama kushoto, upande ule usioonekana.

Kisha ikapokelewa. Sauti ya mzee, nzito, katika lugha nisiyoijua. Neno moja.

Mwalimu akajibu kwa lugha ileile. Mzee wa upande wa pili akasema tena, safari hii kwa urefu, akihema kama aliyetoka kupanda ngazi. Injini haikusikika.

"Ndugu yangu," Mwalimu alitugeukia, akatuambia kwa Kiswahili. "Alikuwa amekaa karibu, amesikia yote. Anasema ametoka nje kwa kupapasa ukuta, akaingiza mkono dirishani mwa basi, akachomoa funguo. Anazo yeye. Ameziweka mfukoni na hazitoi."

"Na watoto?" Bi Zuhura aliuliza.

Akauliza, akasikiliza. "Jirani anakwenda kuwachukua. Msichana yuko uani, analia."

"Mwambie aende kupimwa leo," nilisema. "Leo hii, si kesho. Na baba yake amshike mkono amsindikize."

Akasema. Yule binti alianza dawa siku hizohizo, na jicho moja liliwahiwa karibu lote. Hayo niliyapata kwa Bi Zuhura nikiwa nimesharudi nyumbani. Alasiri ile hatukuwa na uhakika wa lolote zaidi ya funguo zilizokuwa mfukoni mwa mzee kipofu. Ile sauti nzito iliuliza kitu, kwa ufupi, halafu ikangoja. Uso wa Mwalimu ulibadilika.

"Ananiuliza mimi je," alisema.

Akainama karibu na simu, akaanza kumjibu. Lilikuwa jibu refu. Bi Zuhura hakungoja liishe. Alivuta mtandio wake begani, akatoka kwenda kununua kadi nyingine.